Mtoto Anasoma Kompyuta, au Anaiangalia Tu?

Mabango ya shule yanaahidi maabara, intaneti na “elimu ya kisasa”. Kabla hamjatoa hela, na kabla hamjakosana wewe na mwenzio, jifunzeni kuupima mtaala wa teknolojia anaopewa mtoto wenu wa kati ya darasa la tano na kidato cha pili.

Mpenzi msomaji, kama una mtoto wa miaka kumi na kuendelea, mjadala huu unaujua. Mama anataka ahamishwe kwenda shule ya kulipia kwa sababu kule “kuna kompyuta”. Baba anasema kompyuta hazipikiki, mtoto abaki palepale karibu na nyumbani. Mama anajibu kwamba dunia imebadilika, na wewe baba umebaki nyuma. Ndani ya dakika kumi mazungumzo si ya shule tena. Yamekuwa ya nani anajali familia na nani hajali.

Ukweli ni kwamba wengi wetu tunabishana juu ya kitu ambacho hatujawahi kukipima. Tunahesabu mashine zilizoko dirishani, tunapiga picha, tunarudi nyumbani na uamuzi. Hapa Tabora, kuanzia Kitete mpaka Isevya, mzazi mwenye mshahara wa mwezi au mwenye duka la kawaida anaweza kutoa hela nyingi kwa miaka minne mfululizo, halafu mwisho wa yote mtoto anajua kuwasha, kuzima na kuchora nyumba ya rangi. Hilo ni danganya toto, isipokuwa anayedanganywa ni mzazi.

Haya, tuanze mwanzo.

MTAALA WENYEWE UMEBADILIKA

Kama ulisoma zamani kidogo, usitegemee kumbukumbu zako. Mtaala wa shule za msingi uliotoka katikati ya miaka ya 2000 uliiweka TEHAMA kama somo lake. Mabadiliko ya mwaka 2015 yakaleta somo la Sayansi na Teknolojia. Kisha ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, likiwemo darasa la tatu na kidato cha kwanza.

Sera hiyo inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Fanya hesabu ndogo hapo. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 anamaliza la sita mwaka 2027. Aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2023 yuko kwenye mfumo wa zamani, naye anamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Makundi mawili yanaelekea mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Mzazi mwenye mtoto katika kundi mojawapo asisubiri mwaka ufike ndipo aanze kuuliza maswali.

Jambo lingine ni mikondo miwili ya sekondari. Upo mkondo wa jumla na upo mkondo wa amali, ambako mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida huku akijifunza fani ya mikono, kama kilimo, ufundi, ushonaji au TEHAMA. Wazazi wengi bado wanauona mkondo wa amali kama mahali pa “walioshindwa”. Tutalirudia hilo hapa chini, maana lina historia ndefu.

Na kwa ngazi ya msingi, TEHAMA inatakiwa kuonekana ndani ya masomo mengine. Kwa hiyo ukiuliza tu “mna kipindi cha kompyuta?” unaweza kujibiwa ndiyo au hapana na usiambulie kitu. Swali zuri zaidi ni hili: kwenye Sayansi, kwenye Hisabati, kwenye Jiografia, mtoto anafanya nini na teknolojia?

TABORA SI MGENI WA TEKNOLOJIA

Kuna watu wanadhani teknolojia ni kitu kinachoshushwa na ndege Dar es Salaam, halafu sisi wa huku bara tunasubiri zamu yetu. Hapana. Mji huu ulikuwa njia panda kabla ya reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, kwenye mji ambao wageni waliuita Kazeh. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, na tembe ile leo ni makumbusho, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, nguo na shanga, na ilibeba pia watumwa. Hatuwezi kuisifia biashara ile tukasahau machozi yake.

Lakini ndani ya historia hiyo kulikuwa na ujuzi. Wahunzi wa magharibi walifua majembe ya chuma yaliyouzwa mbali na kwao. Warina asali walichonga mizinga ya magogo na ya magome ya miti, wakajua nyuki wanataka nini. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua kufunga mzigo, kugawa uzito na kupanga mwendo wa miezi. Hakuna aliyewapa cheti. Kipimo kilikuwa kimoja: mzigo umefika au haukufika?

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 1912 reli ya kati iliingia Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kazi ya upagazi kwenye njia hii, iliyolisha familia kwa vizazi, ikapoteza soko. Aliyejua kubeba tu alibaki na mabega yake. Aliyejua biashara, njia, lugha na hesabu alipata la kufanya hata treni ilipokuja.

Hapo ndipo penye somo letu. Shule ikimfundisha mtoto programu moja tu, menyu kwa menyu, inamfundisha kubeba. Programu ile itakufa, kama zilivyokufa nyingine nyingi tulizozikariri sisi. Shule ikimfundisha kupanga taarifa, kutafuta kosa na kuuliza “kwa nini imekataa?”, hata akija kukutana na akili mnemba kazini hatapigwa butwaa.

Na ile dharau ya kazi za mikono? Miaka ya 1950, enzi za Tanganyika, kulikuwa na shule za kati, darasa la tano hadi la nane, zilizowekewa mkazo wa kilimo. Wazazi wengi hawakuzipenda. Waliona wenzao wanasoma vitabu ili waingie ofisini, wao watoto wao wanapewa jembe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora School na baadaye kufundisha St. Mary’s hapahapa mjini, akaandika Elimu ya Kujitegemea akitaka shule ziunganishe kichwa na mikono. Nia ilikuwa njema, lakini katika shule nyingi shamba likawa adhabu au kibarua. Mwanafunzi alilima bila kujifunza kilimo.

Kosa hilo linaweza kurudi na sura mpya. Mtoto anayelima bila kujifunza kilimo, na mtoto anayebonyeza bila kujifunza kompyuta, wote wawili wako kwenye mtaala uleule mbovu.

KOMPYUTA NYINGI SI ELIMU

Wala usijidanganye kwamba hela ikimwagwa mambo yatajipa. Nchi ya Peru iligawa kompyuta mpakato kwa watoto wa shule kwa wingi kuliko karibu nchi yoyote. Watafiti wakafuatilia shule 319 kwa miezi 15. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba watoto walizitumia sana mashine hizo, lakini katika hisabati na lugha hawakuwapita wale wasiopewa.

Jirani zetu Kenya waliahidiwa kompyuta za darasa la kwanza mwaka 2013. Usambazaji ukaanza mwaka 2016, na zaidi ya vifaa milioni moja vikafika kwenye shule za msingi za umma. Baadaye wakajenga ngazi nzima ya “junior school”, iliyoanza na Grade 7 mwaka 2023. Masomo yakawa mengi mno, ikabidi mwaka 2024 yapunguzwe hadi tisa, na kompyuta ikaunganishwa ndani ya somo la awali la ufundi. Hiyo inaonyesha kwamba hata penye vifaa, swali la “afundishwe nini, na nani, saa ngapi?” halikwepeki.

Sasa tuje kwetu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, kwenye vijiji vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu.

Peru hapana, Tanga ndiyo. Kwa nini? Kishikwambi cha Tanga kilikuja na lengo moja linaloeleweka, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kilizungumza lugha ya mtoto. Masomo yake yalipangwa hatua kwa hatua, na kulikuwa na umeme wa jua wa kukichaji. Kompyuta za Peru zilikuja bila lengo la somo lililokazwa namna hiyo. Tofauti haikuwa bei ya mashine.

Kwa hiyo ukiwa unapima, kumbuka kwamba kila shule ina mitaala mitatu. Wa kwanza umeandikwa kwenye karatasi. Wa pili ni ule mwalimu anaoufundisha kweli, siku umeme ukiwepo na siku ukikatika. Wa tatu ni ule uliobaki kichwani kwa mtoto. Bango linakuonyesha wa kwanza. Ada unalipia wa tatu.

MASWALI SITA YA KUULIZA SHULENI

Usiende na sura ya polisi. Salimia, kaa, zungumza kwa heshima na mwalimu mkuu au mwalimu wa somo. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa.

1. Watoto wangapi kwa mashine moja, na kila mmoja anaishika kwa dakika ngapi? Kipindi cha dakika 40, watoto watano kwa kompyuta moja, ni dakika nane kila mmoja, hapo hujatoa muda wa kuingia, kuketi na kuwasha. Kama kipindi ni kimoja kwa wiki, basi piga hesabu ya muhula mwenyewe.

2. Anayefundisha alijifunzia wapi? Walimu wengi wa umma walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022. Ni hatua nzuri, lakini kuwa na kifaa na kujua kukifundishia ni vitu viwili tofauti.

3. Umeme ukikatika mnafanya nini? Jibu la “tunaahirisha” si zuri. Mambo mengi ya msingi ya kompyuta yanafundishika kwa karatasi, kadi na mchezo wa uwanjani.

4. Naomba kuona kazi za wanafunzi wa mwaka jana. Daftari, faili, mchoro, chochote. Kama kazi zote zinafanana herufi kwa herufi, wamenakili ubaoni.

5. Mtoto akikosea, anafanyaje? Shule nzuri inamwacha atafute kosa mwenyewe kwanza. Shule mbaya inamnyang’anya mausi.

6. Mnawafundisha usalama? Neno la siri, picha binafsi, matusi ya mtandaoni, taarifa za uongo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtoto wa miaka 12 hahitaji kukariri vifungu, ila anahitaji kujua kwamba kusambaza picha ya mwenzake si mzaha.

MPIME MTOTO NYUMBANI

Kipimo cha kweli hakiko ofisini kwa mwalimu mkuu. Kiko sebuleni kwako Jumamosi mchana. Jaribuni haya, bila kumtisha mtoto na bila kumfananisha na wa jirani.

Chai kwa maandishi. Mwambie aandike hatua za kupika chai, halafu mdogo wake azifuate neno kwa neno. Kama ameandika “weka majani” bila kusema wapi wala kiasi gani, atacheka mwenyewe, kisha atarekebisha. Huo ndio moyo wa kuandika programu: maelekezo yanayoeleweka na kosa linalosahihishwa. Hakuna kompyuta hapo.

Hesabu ya asali. Huu ni mkoa wa nyuki, hata chuo cha ufugaji nyuki kiko hapahapa Tabora. Mpe mfano: babu amevuna ndoo tatu za lita 20, lita nne zimemwagika, inayobaki inafungwa kwenye chupa za nusu lita. Ni lita 56, chupa 112. Kila chupa tuseme shilingi 6,000, jumla ni 672,000. Sasa badilisha bei iwe 7,000. Kama anatumia jedwali la kompyuta na anabadilisha namba moja tu, jumla ikawa 784,000 yenyewe, ameelewa. Kama anafuta kila kitu na kuchapa upya, alifundishwa kuchapa. Kama hakuna kompyuta, mwache aeleze kwa mdomo ni namba ipi ibadilike na kwa nini.

Meseji ya matapeli. Mwonyeshe ile meseji maarufu ya “ile hela tuma kwenye namba hii”. Muulize amejuaje kwamba ni utapeli. Mtoto anayejibu “kwa sababu mwalimu alisema” bado. Anayejibu “kwa sababu sijui ni hela ipi, na namba siifahamu, ningempigia kwanza mwenye deni” huyo anafikiri.

Tochi mbovu. Mpe tochi isiyowaka. Je, anaitingisha na kuitupa, au anaangalia betri, mguso, kisha balbu, kimoja baada ya kingine? Fundi mzuri wa simu pale sokoni anafanya hivyohivyo.

Akifaulu mawili kati ya manne, ana msingi. Akishindwa yote, msimlaumu yeye. Mmepata taarifa kuhusu mtaala.

USIMWACHE BINTI NYUMA

Penye kompyuta moja na watoto watano, angalia nani ameshika mausi na nani ameshika daftari. Mara nyingi kijana wa kiume anabonyeza, binti anaandika “maelezo”. Hakuna aliyepanga, ila ndivyo inavyotokea, na nyumbani tunaongezea: kaka anapewa simu ajifunze, dada anaitwa jikoni. Mkimuuliza mwalimu jambo moja tu, mwombeni zamu ziwe kwa orodha. Na nyumbani nako zamu ziwe kwa orodha, ya simu na ya vyombo pia.

WAWILI MKIVUTANA

Turudi kwa baba na mama wetu wa mwanzo. Ushauri wetu ni huu.

Kwanza, msijadili shule usiku mmoja mmechoka. Wekeni siku. Kila mmoja aandike anataka mtoto aweze kufanya nini akimaliza kidato cha pili. Mtashangaa orodha zinavyofanana. Mnachogombania mara nyingi ni njia, wala si mwisho wa safari.

Pili, nendeni wote wawili shuleni. Akienda mmoja, mwingine atabaki kupinga habari asizoziona.

Tatu, wekeni hesabu mezani. Elimu ya umma hadi kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016. Kwa hiyo ulizeni: ile ada ya shule ya kulipia, sehemu yake ndogo ikitumika nyumbani kwa kompyuta iliyotumika, bando la kiasi, na saa mbili za mmoja wenu kila wiki, itatoa nini? Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Wakati mwingine jibu litakuwa kumhamisha kweli, maana darasa lina msongamano na mwalimu hayupo. Wakati mwingine jibu litakuwa abaki, ninyi ndio mhamie kwenye ratiba yake.

Nne, msimkatae mtoto anayetaka mkondo wa amali kwa sababu ya majirani watasema nini. Fani hiyo ipimeni kwa maswali yaleyale: nani anafundisha, vifaa viko wapi, anafanya kwa mikono yake mara ngapi? Amali isiyo na karakana ni nadharia iliyovaa aproni. Amali yenye mwalimu na vifaa inaweza kumpa kijana wa Urambo au Sikonge kazi kabla mwenzake hajamaliza kuzungusha bahasha za maombi.

Na tano, kubalianeni muda wa kupima tena. Mwisho wa muhula, siyo mwisho wa miaka minne. Kama vipimo vya Jumamosi havijasogea, badilisheni kitu: mwalimu wa ziada, zamu za nyumbani, au shule.

Kikao cha wazazi cha muhula ujao kikitangazwa, msitume dada wa kazi wala msisingizie kazi. Nendeni na maswali sita mfukoni. Na kama kuna swali moja tu mtakalopata nafasi ya kuuliza mbele ya watu, basi liwe hili: “Mwalimu, mwanetu anaweza kufanya nini leo, ambacho muhula uliopita hakuweza?” Kisha kaeni kimya, msikilize jibu.